Vitabu Vilivyonivua Aibu ya Talaka

Kwa muda mrefu, kila nilipoulizwa habari za mume wangu, jibu langu lilikuwa moja: yuko safarini. Watu wa Wandegeya, hapa Kampala, hawakuona ajabu. Mtaa huu umejaa watu ambao wenzao wako Juba, Dubai au Nairobi wakitafuta riziki. Pete nilikuwa nayo kidoleni, duka nikilifungua asubuhi, wanafunzi wa Makerere nikiwachapia kazi zao mpaka usiku, na hakuna aliyejua kwamba nimeachwa. Leo nalisema jambo hilo bila kuinamisha kichwa, na kilichonifikisha hapa ni vitabu vya hadithi. Natoa ushuhuda huu kwa sababu najua wako wengi wanaojibu kama nilivyokuwa nikijibu mimi.

Nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale. Kabla ya harusi yangu somo alinikalisha ndani akanifunda. Alinifunza usafi, mapishi, kauli ya upole, na juu ya yote kuvumilia. Simlaumu, alinipa kile alichopewa yeye. Lakini katika mafunzo yote yale hakunambia mwanamke afanye nini siku akikabidhiwa karatasi ya talaka. Nami, miaka kadhaa baada ya kuletwa Kampala, nilikabidhiwa. Ililetwa na mtoto wa jirani ndani ya bahasha ya kaki: mistari michache, sababu haikutajwa. Nikakaa eda chumbani, mlango umerudishwa, nikila kidogo na kusema kidogo zaidi. Eda ilipokwisha nikamchukua binti yangu, nikahamia Wandegeya mahali ambapo hakuna aliyenijua, nikaanza kazi ya kuchapa.

Anayeijua Wandegeya anaijua kazi hiyo. Chuo cha Makerere kiko kilimani tangu 1922, na huku chini ni safu za vyumba vya kuchapa, kutoa nakala na kujalidi. Mahafali yakikaribia, tasnifu huteremka kutoka kilimani kwa mafungu. Mimi nachapa, fundi anapaka gundi, anabana, kisha anapasha moto zile herufi za rangi ya dhahabu mpaka zishike mgongoni mwa jalada. Nje vijana wa roleksi wanapiga mayai na kukunja chapati, na harufu ya mafuta inaingia mpaka kwenye karatasi.

Siku moja msichana wa idara ya fasihi aliniletea sura za tasnifu yake kuhusu ndoa na talaka katika fasihi ya Afrika. Msimamizi wake alikuwa amejaza masahihisho ya kalamu nyekundu pembezoni, na kazi yangu ilikuwa kuyaingiza. Nilichapa kama ninavyochapa siku zote, macho kwenye karatasi na mawazo kwingine, mpaka nilipokutana na jina la Bi Tamima. Vidole vikasimama.

Bi Tamima nilimjua. Ni mke wa Maksuudi katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar iliyotoka mwaka 1980. Tuliisoma shuleni. Maksuudi, mtu mwenye jina na mali, anamfungia mkewe na binti yake ndani. Mwisho anampiga mke na kumtaliki, na binti, Maimuna, anatoroka na kuishia kwenye danguro la Mama Jeni. Maswali ya mtihani yalitutaka tueleze wahusika na maudhui, nasi tukaeleza. Nilichobaki nacho moyoni ni jambo moja: talaka ikiingia nyumbani, binti hupotea. Maneno hayo yalinifuata mpaka Kampala. Kila nilipomwangalia binti yangu akirudi na mkoba wa shule, nilikuwa namwona Maimuna.

Tasnifu ile ilisema vingine. Ilisema kwamba nyumba ya Maksuudi ilikuwa imeoza kabla ya talaka, na kwamba kilichomponza Maimuna ni kule kufungiwa asiijue dunia, na ubabe wa baba asiyehojiwa na mtu. Sikuamini. Nikamwomba msichana yule aniazime riwaya yenyewe, nikaisoma upya usiku, dukani, baada ya wateja kuondoka. Ilikuwa kweli. Talaka inakuja kama tokeo la uozo uliokuwapo tayari, na mwandishi hakumwacha Maimuna kwenye danguro. Alimtoa, akamkutanisha na Kabi, wakaoana. Mambo hayo yote yalikuwamo kitabuni tangu nilipokuwa shuleni.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kuomba vitabu. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, nami nikaona kwamba riwaya ni mahali ambapo kata hupewa ruhusa ya kusema. Harusini tunaona mapambo. Mahakamani tunasikia madai. Yaliyo katikati, yaani miaka ile ya kula meza moja na kutosemezana, hayana pengine pa kuandikwa isipokuwa humo.

Jirani yangu dukani ni mama wa Kiacholi anayeuza odii, ile siagi ya ufuta na karanga ya kwao. Siku umeme ulipokatika, kompyuta zikazima, nilikaa naye kizingitini nikamsimulia utenzi wa Okot p'Bitek, Song of Lawino, uliochapishwa mwaka 1966 na ambao Paul Sozigwa aliufasiri kwa Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino. Si riwaya kwa umbo, lakini hadithi ya ndoa imo tangu mwanzo hadi mwisho: Ocol, mume msomi, anamdharau Lawino kwa kuwa hakusoma, anamfuata Clementine anayejipamba kizungu, na Lawino anasimama kueleza yote, chungu kwa tamu. Nilidhani nitamfunza mama yule kitabu cha kwao. Akanikatiza.

"Dada, huyu mwanamke haombi mume arudi tu. Anataka ukoo usikie."

Akanyamaza, akafunika ndoo yake ya odii, kisha akanieleza yake. Alipoondoka kwa mume, kaka zake walidaiwa ng'ombe wa mahari, wakatafuta ng'ombe, wakarudisha. "Ng'ombe walihesabiwa mmoja mmoja," alisema. "Mimi hakuna mtu aliniuliza kitu."

Maneno hayo yalinifungua macho kuliko sura nzima ya tasnifu. Lawino hana cheo wala cheti, lakini aliita watu wake, akaweka malalamiko yake mbele yao, akayapanga moja baada ya jingine. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilikuwa na kompyuta, na sikuwa nimemwambia hata mamangu.

Okot hakuishia hapo. Mwaka 1970 alitoa Song of Ocol, jibu la mume, ambamo Ocol anaanza kwa kumwamuru Lawino afunge virago vyake na kuondoka. Ni jibu kali, la mtu mwenye hasira na kila kilicho chake mwenyewe. Nililisoma kwa uchungu, nikarudia. Kwa mara ya kwanza nilikubali kwamba mwanamume aliyeniandikia karatasi naye angepewa kalamu angekuwa na kitabu chake. Ndoa moja, vitabu viwili. Sikumsamehe siku hiyo, lakini niliacha kumtungia maneno ambayo hakuwahi kuyasema.

Kitabu kilichonivua pete ni cha Mariama Bâ wa Senegal. Alikuwa mwalimu, mama wa watoto tisa, naye mwenyewe alikuwa ameachana na mumewe. Riwaya yake ilitoka kwa Kifaransa mwaka 1979, ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata; kwa Kiswahili inaitwa Barua Ndefu kama Hii. Ramatoulaye amefiwa na mumewe, Modou, ambaye kabla ya kufa alimtelekeza akaoa Binetou, rafiki wa binti yao. Yuko edani, na humo edani anamwandikia shoga yake Aissatou. Aissatou naye aliletewa mke mwenza, akakataa, akaondoka na watoto wake, akasoma ukalimani, akapata kazi kwenye ubalozi wa nchi yake Marekani.

Nilisoma nikiwa nimeshika moyo. Hawa ni wanawake wa Kiislamu kama mimi. Eda yao ni eda ninayoijua, na wageni wanaokuja kutoa pole huku macho yakizunguka nyumba nawajua. Tena Bâ hakumwadhibu yeyote kati ya wawili hawa. Ramatoulaye alishauriwa aondoke, akabaki. Aissatou akaondoka. Wote wawili wana akili, wana imani, wana watoto wa kulea, na urafiki wao haukuvunjika kwa kuwa mmoja alichagua njia nyingine. Aissatou anamnunulia mwenzake gari asihangaike na mabasi. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba anayevumilia ni mwema na anayeachwa ana ila. Hapa palikuwa na mwandishi aliyeipima ndoa kwa haki na heshima iliyomo ndani yake, bila kuhesabu imedumu miaka mingapi. Na eda niliyoikaa kimya, Ramatoulaye aliikaa akiandika.

Baadaye nilisoma Desertion ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2005, yenye harufu ya pwani yetu. Jamila ni mtalaka wa Zanzibar, anaishi kwa heshima yake, na Amin anampenda. Wazazi wa Amin wanakataa katakata, kwa kuwa Jamila ni mtalaka na kwa kuwa bibi yake Jamila, Rehana, aliachwa na mume kisha akaishi na Mwingereza. Aibu ya bibi inamdai mjukuu. Gurnah haipambi hali hiyo wala haimalizii kwa harusi. Nililia kwa ajili ya Jamila, na nikaapa kwamba binti yangu hatarithi deni la namna hiyo kutoka kwangu.

Nikamwita, nikamwambia: "Mwanangu, baba yako na mimi tumeachana. Hayuko safarini. Yeye ana maelezo yake nami nina yangu. Muulize yeye, niulize na mimi." Alinitazama kidogo, akasema alijua zamani, alikuwa akingoja nimwambie. Jioni ile nilimpigia simu mamangu. Pete niliivua nikaiweka kwenye kisanduku pamoja na ile karatasi ya talaka, kwa kuwa vyote viwili ni kumbukumbu za maisha yangu.

Tangu hapo duka langu limekuwa mahali pa mazungumzo. Mama wa odii huja, huja mshonaji wa ghorofa ya juu, huja na wanafunzi wanaongoja kazi zao. Namsimulia mtu kitabu, naye ananisimulia ndoa. Kupitia kwao nilifahamu FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichoanza katikati ya miaka ya 1990 kikiongozwa na Mary Karooro Okurut, ambaye mwaka 2003 alitoa riwaya yake The Official Wife. Nilifahamu pia jinsi sheria ya Uganda ilivyosogea. Chini ya sheria ya talaka ya mwaka 1904, mume alitosheka kuthibitisha uzinzi wa mkewe, ilhali mke alitakiwa athibitishe uzinzi pamoja na kosa jingine juu yake. Mahakama ya Katiba iliufuta ubaguzi huo tarehe 10 Machi 2004. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Nilipomsomea mama wa odii hukumu hiyo ya ng'ombe, alisema imechelewa kwake, ila binti zake itawakuta.

Simwambii mtu aache ndoa yake, wala simwambii avumilie. Vitabu nilivyovisoma havikunipa amri hiyo. Vilinionyesha kwamba katika kila ndoa iliyovunjika mna watu zaidi ya mmoja wenye haki ya kusikilizwa, na kwamba anayenyamaza hupewa hadithi na wengine, nayo huwa mbaya kuliko ile ya kweli.

Kwa hiyo nina maombi. Walimu wa fasihi, mkimaliza maudhui na wahusika, waulizeni wanafunzi talaka ilianza ukurasa gani, kabla ya neno lenyewe kutamkwa. Kina somo na makungwi, mpeni bwana harusi na bibi harusi kitabu kimoja wakisome pamoja kabla ya siku ya nikaha. Wewe uliyekabidhiwa karatasi, mwambie mtu mmoja unayemwamini, wiki hii. Na waandishi wetu wa Kiswahili, mmeshatuandikia vya kutosha siku ile ya talaka, na kilio chake. Sasa tuandikieni miaka inayofuata: mtalaka anayefanya kazi, anayelea, anayecheka na shoga zake, anayeolewa tena au asiyeolewa. Wasomaji tupo, na tunasubiri.