Tairi la Ugenini katika Milima ya Uluguru

Wenyeji wa Morogoro huuita mji wao "mji kasoro bahari". Kila neema iliyoko pwani, wasema, ipo na kwao, isipokuwa maji ya chumvi. Mahali pa bahari Mwenyezi Mungu amewapa milima. Safu ya Uluguru imesimama nyuma ya mji kama ukuta wa kijani, na kilele chake cha Kimhandu kinapita meta 2,600 juu ya usawa wa bahari. Humo ndimo unamochimbuka Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Hivyo mkazi wa Dar ambaye hajapata kukanyaga Morogoro ana udugu na milima hii kila afunguapo bomba.

Safari ya kwenda huko imekuwa nyepesi. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huwachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi stesheni ya Morogoro, iliyoko Kihonda. Lakini treni hukomea bondeni. Atakaye kuona bustani za kabichi, karoti na njegere za Mgeta, au mashamba ya migomba na viungo ya Kinole, au kwenda kuwajulia hali wazee wake Matombo, hana budi kutegemea magurudumu ya mpira. Hapo ndipo linapozuka jambo ambalo lampasa mwenye gari dogo alifikirie kabla ya kuipakia familia yake: si kila tairi lililokuja na gari linafaa kwa njia ya mlimani.

Miongoni mwa magari yaliyokwishatumika yanayoingia nchini kutoka Japani na Uingereza, yamo yenye matairi yaitwayo ranifleti, yaani yanayoweza kutembea bila upepo. Gari la BMW la daraja la tatu lililoingia sokoni mwaka 2005, kwa mfano, lilitoka kiwandani likiwa na matairi ya aina hiyo. Ubavu wa tairi hili umetiwa mpira mnene na mgumu. Upepo ukitoka, ubavu huo ndio unaobeba uzito wa gari, na kwa kawaida dereva huweza kwenda yapata kilometa 80 zaidi kwa mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa. Kwa sababu hiyo mengi ya magari hayo hayana tairi la akiba, wala jeki, wala hata shimo la kuwekea tairi hilo chini ya buti.

Hesabu hiyo ilipigwa na watu wenye akili, lakini ilipigwa kwa ajili ya nchi nyingine. Ndani ya zile kilometa 80 imefichwa imani kwamba mbele ya dereva kuna lami laini, na mwisho wake kuna gereji yenye mashine na tairi jipya la kipimo kile kile. Huko Ujerumani na Japani imani hiyo ina msingi. Kwetu, chukua mfano wa Chalinze. Kutoka hapo kwenda Morogoro ni kilometa 80 na ushei, na kurudi Dar ni takriban 100. Ukipata pancha ukiwa Chalinze, ahadi ya kiwanda inakwisha kabla hujafika mji wowote kati ya hiyo miwili.

Mlimani mambo ni magumu zaidi. Njia ya Mgeta huiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, ikapita Mlali, kisha ikaanza kupanda kwa kona zinazofuatana huku bonde likizidi kushuka upande mmoja. Njia ya Matombo hutokea Bigwa, ikapita Kiroka na Mkuyuni, kwenye miteremko ya mashariki inayopokea mvua nyingi kutoka Bahari ya Hindi. Katika njia za namna hii, maji ya masika hufukua udongo na kuyaacha mawe yakiwa yamekaa kama meno. Tairi la kawaida likikanyaga jiwe hubonyea, likalimeza pigo. Ranifleti, kwa ugumu wa ubavu wake, hulipeleka pigo hilo kwenye rimu, kwenye shokomzoba, na hatimaye kwenye migongo ya abiria. Rimu huweza kupinda au kupata ufa.

Tena tufikirie msaada. Pale Msamvu, ambako malori ya kwenda Iringa na Dodoma hugawana njia, na hata kwenye vituo vidogo vya vijijini, yupo fundi pancha mwenye pampu, vyuma vya kufungulia tairi, karai la maji na viraka. Tairi la kawaida atalifungua, atalizamisha majini, ataona povu linapotokea, ataziba, nawe utaendelea na safari. Ranifleti haikubali kirahisi kufunguliwa kwa vyuma vya mkono. Hata ikifunguliwa, iliyokwisha kutembea bila upepo huweza kuwa imeungua kwa ndani huku nje ikionekana nzima, na ndiyo maana viwanda vingi hukataza kuiziba. Dawa yake ni kununua jingine, kwa bei iliyo juu kuliko ya tairi la kawaida.

Hata hivyo haifai kuinyima ranifleti haki yake. Barabara ya kwenda Iringa hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa yapata kilometa 50. Aliyepata pancha humo usiku, tembo wakiwa kando ya njia, atashukuru kuwa na tairi linaloweza kumfikisha nje ya hifadhi bila kushuka garini. Basi anayeiacha ranifleti anaacha pia kinga fulani, na kinga hiyo yampasa airudishe kwa njia nyingine.

Kwanza, abadili matairi yote manne kwa pamoja. Kuchanganya aina mbili ni kulifanya gari lishike njia upande mmoja na kuyumba upande mwingine, jambo la hatari kwenye kona za Mgeta. Rimu za zamani kwa kawaida hupokea matairi ya kawaida, ila fundi azikague kama zina ufa. Pili, asome maandishi ya ubavuni: kipimo, uwezo wa kubeba mzigo na umri. Tarakimu nne za mwisho hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tatu, anunue tairi la akiba linaloingia kwenye boliti za gari lake, jeki, spana na pembetatu za kuakisi mwanga, na tairi hilo alifunge barabara ndani ya buti. Matawi ya miti ambayo madereva wetu huyatandaza barabarani ni onyo linaloeleweka na wote, lakini usiku hayaonekani mapema. Nne, apime upepo asubuhi matairi yakiwa ya baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni. Taa ya onyo ya upepo, kama ipo, ibaki ikifanya kazi.

Pia tusijidanganye kwa kuweka kipara kiwe ndicho tairi la akiba. Tairi lililokwisha mahali pake ni kwa mshona makatambuga, ambaye atalipa maisha mengine miguuni mwa watu. Safari ya Uluguru ina baridi yake tamu, maji yake ya mawe na kabichi za kurudi nazo nyumbani. Inamtaka msafiri mwenye tairi ambalo fundi wa kijiji cha mbele anaweza kulifungua, na jingine zima ndani ya buti.