Buji Haisemi Uongo

Hapa kwetu Ankoro, kule Luvua inaingia ndani ya Lualaba, wengi wanajua motere za mtumbwi. Mimi nataka kuwaelezea motere ya nchi kavu: Land Rover ya zamani ya baba yangu, ya esansi, yenye silinda 4. Ndiyo inapeleka samaki za wamama mpaka Manono, na ndiyo inalipa masomo yangu.

Mwaka huu ilianza kutoa moshi mingi na kunywa esansi kupita kiasi. Kaka yangu alisema iuzwe vyuma tu, apate feza ya kwenda kuchimba kasiterite. Makanika mmoja alisema tununue kabiratere mpya. Baba masikio yake yamechoka juu ya makelele ya motere miaka mingi. Akaniita: "Mwana, leta ufunguo wa buji. Wewe utakuwa masikio, mimi macho."

Kazi inaanza na buji, kabiratere inafuata. Kama moto hauruki vizuri, utazungusha visi za kabiratere mpaka jioni na hautapata kitu. Tulitoa buji zote 4, tukazipanga juu ya kitambaa kwa namba zake. Baba akanifundisha kuzisoma. Rangi ya udongo mwekundu uliofifia: motere ni mzima. Nyeupe: hewa imepita esansi, motere itaungua. Nyeusi na kavu kama masizi: esansi imepita hewa. Nyeusi na yenye kuloa mafuta: mafuta ya motere yanapanda silindani, pete za pistoni, zile tunaita segima, zimekwisha.

Zetu namba 1, 2 na 4 zilikuwa masizi makavu. Namba 3 ilikuwa imeloa mafuta.

Masizi yalitoka wapi? Tulifungua filtri ya hewa. Ni bakuli lenye mafuta ndani, na vumbi ya kiangazi ilikuwa imeyageuza tope. Motere inataka karibu kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya esansi. Yetu ilikuwa inafungwa pua. Tukaosha bakuli, tukatia mafuta mapya. Tukasugua buji, tukapima nafasi ya mdomo wake: milimita 0.75. Ndani ya delko, nafasi ya platine: 0.40.

Halafu tukawasha, tukangoja motere ipate moto, kwa maana kabiratere haipangwi motere ikiwa baridi. Baba akashika turnevisi. Alifunga visi ya mchanganyiko polepole.

"Inasema nini?"
"Baba, inatetemeka, inataka kuzima."

Akaifungua kidogo kidogo mpaka nikamwambia inakimbia vizuri, sauti moja. Akapunguza mwendo kwa visi ile ingine, tukarudilia tena mara mbili. Mujue kwamba visi hii inatawala motere gari ikiwa imesimama tu. Njiani kazi ni ya jikilere, kitundu kidogo cha kupitisha esansi, nacho kinaoshwa na kupulizwa. Hakichokolewi na waya, juu kitapanuka.

Moshi mweusi ulikwisha siku ile. Lakini moshi wa buluu ulibaki, mdogo, wa silinda namba 3. Hakuna visi ya kuponya ile. Baba hakuficha. Alimwita kaka, akamtia buji namba 3 mkononi: "Gari ni mgonjwa, lakini hajakufa. Kabiratere haina kosa." Kaka aliigeuza, akainusa, akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza segima ni bei gani.

Sasa feza ya kabiratere inawekwa kwa ajili ya segima, na kaka amekubali kungoja mpaka kiangazi. Hatujui kama itatosha. Wenzangu, kabla ya kununua kitu kipya ao kuuza cha zamani, toeni kwanza buji zote, muzitazame moja moja.