Karatasi 12 za Morningside

Tulishuka stendi ya Msamvu, Morogoro, saa tisa alasiri: wanafunzi 12 wa kidato cha tatu, mwalimu mwenzangu wa Jiografia, na mimi. Nilikuwa sijawahi kupanda mlima wowote. Nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na Uluguru nilikuwa nikiujua kwa njia ya bomba tu, maana maji ya Mto Ruvu tunayochota mjini yanaanzia huko. Siku hiyo niliiona milima yenyewe, imesimama nyuma ya Morogoro kama ukuta, vilele vimezama mawinguni. Hata wale watoto waliopiga kelele tangu Mlandizi walinyamaza.

Walikuwa wamechaguliwa wiki mbili kabla kuingia katika serikali ya wanafunzi. Shuleni nilikosoma mimi, kiranja alikuwa mtu wa kuandika majina ya wapiga kelele na kuyapeleka ofisini. Hakuna aliyemuuliza anaonaje. Kwa hiyo nilipopewa malezi ya viongozi hawa niliomba jambo moja tu: tuwatoe nje ya geti, tuwape mambo ya kuamua wao wenyewe, na uamuzi wao tuuheshimu. Wazazi walikubali, nauli ikachangwa.

Zoezi la kwanza tulilifanya usiku huohuo, hosteli tulikofikia. Ni zoezi la zamani lililotungwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Jay Hall. Chombo chenu kimeanguka mwezini, kilomita zipatazo 320 kutoka chombo kikuu kinachowasubiri. Vitu 15 tu vimesalimika. Vipangeni kwa umuhimu, kuanzia cha kwanza hadi cha 15. Kila mtu anapanga kwanza peke yake, kimya, kwenye karatasi yake. Kisha kundi linakaa na kupanga upya kwa pamoja, na hapo ndipo penye kazi: kura hairuhusiwi, wala kurusha shilingi, wala kubadilishana kwamba nikubalie hili nikukubalie lile. Na mtu asikubali kwa sababu tu amechoka kubishana. Mwishoni orodha zinalinganishwa na ile ya wataalamu wa NASA.

Tuliwagawa makundi mawili. Kundi la kaka mkuu lilimaliza upesi mno. Yeye ni kijana mchangamfu, mwenye sauti, anayependwa. Kila alichotaja kiliandikwa, na dira ikawekwa nafasi ya tatu. Kundi la pili lilikwama kwenye kiberiti. Watano walikitaka juu kabisa, maana bila moto utapikaje? Kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, kwa sauti ya chini sana, kwamba moto unahitaji hewa. Mazungumzo yakampita. Akarudia. Ndipo msichana aliyekuwa akiandika akainua kalamu: "Ngojeni. Kasema nini?"

Kiberiti ndicho cha 15 katika orodha ya wataalamu. Dira ni ya 14, kwa kuwa mwezini hakuna usumaku wa kuielekeza kama huku duniani. Mitungi ya hewa ndiyo ya kwanza, maji ya pili. Tulipojumlisha makosa, kundi la kaka mkuu liligundua jambo lililowauma: msichana mmoja wao, katika karatasi yake ya peke yake, aliikaribia orodha ya wataalamu kuliko kundi zima. Alijua dira haifai. Kaka mkuu akamuuliza mbona hakusema, akajibu, "Mlikuwa mmeshaandika."

Sikuongeza neno. Tukalala.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu tulimkuta mzee wa kutuongoza akitusubiri barabarani, mwenyeji wa milimani, panga kiunoni. "Shikamoo mzee," watoto wakamwamkia kwa pamoja, naye akawaitikia mmojammoja. Tulikubaliana naye: usalama ni wake, akisema rudini tunarudi bila swali. Mengine yote, mwendo, mapumziko, chakula, njia, wataamua wao. Mimi na mwenzangu tungetembea nyuma.

Njia inapanda bila huruma. Tulipishana na akina mama wanaoshuka na ndizi na mboga kichwani kwenda sokoni, wanaweka mguu pale ambapo mimi nilitambaa kwa mikono. Kila baada ya dakika chache mji ulizidi kuwa mdogo chini yetu. Tulifika Morningside, jengo la mawe lililoachwa na Wajerumani, tukakaa tukinywa maji na kuona ukungu ukishuka taratibu kutoka Bondwa. Kilele kile ndicho kilichokuwa lengo letu, zaidi ya mita 2,000, kule penye minara ya mawasiliano.

Tuendelee au turudi? Mzee alipoulizwa alisema njia ipo, ila ikinyesha itateleza. Hakusema rudini.

Nilitamani sana kufika. Tena nilijua kwamba nikisema "twendeni" mjadala utakufa hapohapo, na kwamba hata nikikohoa watanitazama usoni kutafuta jibu. Nikaenda kukaa nyuma ya ukuta.

Kaka mkuu alianza kuhesabu mikono, kisha akaushusha wa kwake. "Kila mtu aandike kwanza," akasema. Karatasi 12 zikakusanywa ndani ya kofia. Saba waliandika kupanda, watano kurudi. Mmoja akapendekeza saba waende, watano wabaki na mwalimu. Yule msichana wa kalamu akataka kwanza sababu za wale watano zisomwe. Moja ilisema: "Raba nimeazima, soli imeisha, nimeteleza mara nne." Haikuwa na jina. Nyingine ilisema mzee ameangalia juu mara tatu tangu tukae. Walibishana karibu saa nzima, na waliotaka kupanda hawakubembeleza wala hawakuzomea. Waliuliza kama raba zinaweza kubadilishwa, kama mzigo unaweza kupunguzwa, kama kuna mahali pa kugeukia katikati. Mwishoni kaka mkuu alikuja nyuma ya ukuta. "Madam, tunashuka wote."

Roho iliniuma, lakini nikasimama.

Mvua haikunyesha. Jioni, tukiwa tumeketi nje ya hosteli miguu imevimba, mawingu yalifunguka na Bondwa ikatokea nzima, na minara yake, karibu kama ya kuguswa kwa mkono. Kila mmoja aliitazama.

"Tungefika," akasema kaka mkuu.

"Tungefika saba," akajibu mtu, na kwa kuwa giza lilikuwa limeanza kuingia sikumwona ni nani.

Ubishi ukaanza upya. Kesho yake basi lilipopita Chalinze walikuwa bado wanaendelea, na safari hii kijana wa kiberiti alikuwa amesimama katikati ya viti, anasikika mpaka kwa dereva.