Siku Mbili za Mwisho: Kutoka Kapiri Mposhi hadi Mlimba

Ukisafiri peke yako katika nchi ya watu, siku za kwanza unakuwa na tahadhari. Unaulizauliza. Unashika mkoba wako kwa mikono miwili. Lakini siku za mwisho, ukiona nyumbani kumekaribia, unaanza kujisahau. Nataka nikueleze siku mbili za mwisho za safari yangu ya Zambia, mwaka 2012. Huko nilikaa wiki sita, peke yangu.

Kilichonipeleka Zambia

Kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wa vijana waliojenga reli ya TAZARA. Kazi ya kuijenga ilianza mwaka 1970. Serikali ya China ilitoa mkopo usio na riba, ikaleta na mafundi wake. Watanzania na Wazambia walifanya kazi pamoja nao. Reli hiyo ina urefu wa kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi.

Kwa nini ilijengwa? Zambia inachimba shaba, lakini haina bahari. Njia yake ya zamani ya reli ilipita Rhodesia, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Mwaka 1965 walowezi wa huko walijitangazia utawala wao wenyewe. Zambia ikahitaji njia nyingine. Rais Kaunda na Rais Nyerere wakakubaliana kupeleka reli mpaka bandari ya Dar es Salaam. Ndiyo maana watu waliiita Reli ya Uhuru.

Kaka alianza kibarua hapa kwetu Mlimba. Alifanya kazi milimani, kwenye mahandaki. Reli ilipofika mpaka wa Zambia mwaka 1973, naye alivuka nayo. Kazi ilipokwisha alikwenda Kitwe, kwenye migodi ya shaba.

Wakati huo mama hakujua kusoma. Barua za kaka zikija, alisomewa na mwalimu. Mama hakupenda mambo ya mwanawe yapitie kwanza kinywani mwa mtu mwingine. Akajiandikisha katika darasa la kisomo. Mwaka 1975, ulipofanyika mtihani wa kwanza wa kisomo wa taifa, mama aliufanya akafaulu. Tangu siku hiyo aliandika barua mwenyewe. Aliandika barua nne. Hakupata jibu hata moja.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 2012 nilivuna mpunga mwingi nikapata nauli. Nilipomuaga mama hakuniambia nimrudishe kaka. Aliniambia, "Muulize kama barua zangu zilifika."

Mzigo niliorudi nao

Ndugu msomaji, kaka sikumkuta hai. Alifariki mwaka 1998. Nilimkuta shemeji yangu na watoto wawili wakubwa. Walinipokea vizuri, wakanipeleka kaburini. Nilikuwa na daftari. Nikanakili maneno yaliyoandikwa pale, yaani jina lake, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa.

Siku ya kuondoka shemeji alinipa kopo la bati. Ndani mlikuwa na barua nne za mama. Niliutambua mwandiko wake, herufi kubwa kubwa, kila moja imesimama peke yake. Pamoja nazo zilikuwamo barua mbili za kaka, ambazo hazijafunguliwa. Alikuwa amezituma zikarudi. Juu ya bahasha palipigwa muhuri wa posta, kuonyesha kwamba mwenye sanduku hakupatikana.

Nilielewa mara moja. Sisi tulitumia sanduku la posta la duka la ushirika. Duka lile lilifungwa. Sisi hatukumwandikia kaka kwamba anwani imebadilika. Mama alidhani mwanawe amemsahau. Mwanawe naye alidhani nyumbani wamehama, na hakujua wamekwenda wapi.

Kutoka Kitwe nilipanda basi mpaka Kapiri Mposhi. Stesheni ya TAZARA iko nje ya mji, kama kilometa 2. Nilifika mapema nikakaa chini na kopo langu mapajani. Nilikata tikiti ya daraja la tatu. Niliisoma tikiti yote, neno kwa neno, kabla ya kuiweka mfukoni.

Usiku wa kwanza

Treni iliondoka mchana. Ilikuwa treni ya kawaida, ile inayosimama kila stesheni. Tulipita Mkushi, tukapita Serenje. Nchi ile ni tambarare, yenye miti mingi na watu wachache. Kila tuliposimama, akina mama na watoto walikuja madirishani na beseni kichwani. Waliuza ndizi, karanga, viazi vitamu na viwavi waliokaushwa. Wenzetu Wabemba huwala viwavi hao kwa ugali, kama sisi tulavyo dagaa.

Mimi nilijua maneno mawili tu ya Kibemba. Mwapoleni, maana yake ni salamu. Natotela, maana yake ni asante. Kwa maneno hayo mawili nilipata chakula, maji na mahali pa kukaa katika wiki zile sita. Mtu akisikia unajaribu lugha yake, anakusaidia.

Usiku tulifika Mpika. Baada ya hapo tulivuka mto Chambeshi. Sikuuona vizuri kwa ajili ya giza, nilisikia tu mlio wa magurudumu ukibadilika darajani. Maji ya mto ule husafiri mbali sana. Huishia katika mto Kongo, na mto Kongo huingia bahari ya Atlantiki.

Kasama alipanda mama mmoja mfanyabiashara, mwenyeji wa Tunduma, mwenye mafurushi ya samaki wakavu. Alinisalimu kwa Kiswahili. "Habari za safari, baba?" Nilikaa kimya kidogo. Wiki sita nzima hakuna mtu aliyekuwa amenisalimu hivyo. Nilipomjibu, sauti yangu ilikwaruza.

Mpakani

Siku ya pili tulifika Nakonde, stesheni ya mwisho upande wa Zambia. Ng'ambo ya mpaka ni Tunduma, Tanzania. Hapa msafiri anapaswa kufanya mambo matatu.

Kwanza, saa. Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa 1. Kule ikiwa saa 5, huku ni saa 6. Nilisogeza mshale wa saa yangu mbele.

Pili, hati. Maofisa wa uhamiaji waliingia ndani ya behewa. Walitazama pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wakapiga mihuri. Ofisa wa forodha aliona kopo langu. Akauliza, "Mna nini humu?" Nikasema, "Barua za marehemu kaka yangu. Nampelekea mama." Alilifungua, akatazama bahasha, akalifunga tena mwenyewe taratibu. Hakuniuliza neno jingine.

Tatu, fedha. Hapa ndipo nilipojisahau. Nilikuwa na kwacha 200,000. Wakati ule noti za Zambia zilikuwa na sifuri nyingi. Sifuri tatu ziliondolewa Januari 2013. Kijana mmoja alipita behewani akibadilisha fedha. Tulikubaliana anipe shilingi 60,000. Alihesabu upesi upesi mbele ya macho yangu, akanipa kitita. Mimi nilikuwa nimekwisha kuiona Tunduma dirishani. Nikataka kutia fedha mfukoni.

Yule mama wa Tunduma akaniambia, "Baba, hesabu mwenyewe. Na uhesabu yeye akiwapo."

Nikahesabu noti moja moja. Zilikuwa shilingi 42,000. Noti nyingine alizikunja katikati, akazihesabu mara mbili. Nilipomtazama alicheka, akasema amekosea. Akaongeza shilingi 18,000, akaondoka haraka. Mtu anayekupa fedha kwa haraka anataka usihesabu. Ungekuwa wewe, ndugu msomaji, ungehesabu?

Mama yule alishuka Tunduma. Sikulijua jina lake. Nilimsaidia kuteremsha mafurushi, akaniombea njia njema.

Usiku wa pili

Jioni tulikuwa Mbeya. Baada ya Mbeya reli hupita Uyole, mahali pa juu kuliko pote katika njia nzima. Ni mita 1,789 kutoka usawa wa bahari. Baridi iliingia madirishani. Nilijifunika shuka, nikaweka kopo chini ya kichwa.

Sikupata usingizi. Zile barua mbili za kaka zilinisumbua. Ziliandikwa nini? Je, alilalamika? Je, alimlaumu mama? Je, aliomba msaada ambao hatukumpa? Niliwaza kuzifungua nizisome kwanza. Kama zina maneno mazito, ningezificha. Mama alikuwa na miaka 78. Nilitoa bahasha moja nikaishika karibu na taa. Gundi yake ilikuwa imekauka. Ingefunguka bila kuchanika, na mtu asingejua.

Lakini juu ya bahasha palikuwa na jina la mama. Nikakumbuka kwa nini mama alikwenda kisomo. Alikwenda ili asisomewe tena barua zake. Nikairudisha ndani ya kopo.

Mahandaki ya kaka

Tulipita Makambako usiku wa manane. Kutoka hapo treni huteremka kuelekea bonde la Kilombero. Hii ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote wakati wa ujenzi. Milima ni mikali, mabonde ni marefu na mvua ni nyingi. Mahandaki ni mengi, yaani njia zilizochimbwa ndani ya mlima. Treni inaingia gizani, inatoka, inaingia tena.

Kulipoanza kupambazuka tulikuwa bado milimani. Nilisimama dirishani. Tulivuka daraja la mto Mpanga, ambalo nguzo zake zina urefu wa kama mita 50. Chini niliona ukungu na vilele vya miti. Kisha tukaingia handakini. Nikaweka mkono nje kidogo, nikahisi ubaridi wa mwamba. Nikajiuliza ni handaki lipi alilochimba kaka. Sikuweza kujua. Nikayaamkia yote.

Watu walikufa katika kazi ile. Wachina waliopoteza maisha wakati wa ujenzi ni zaidi ya 60. Wengi wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Wako pia Watanzania na Wazambia waliokufa. Nao pia walikuwa na mama zao waliongoja barua. Ukipanda treni ile, ndugu msomaji, wakumbuke.

Nyumbani

Asubuhi nilishuka Mlimba. Harufu ya mpunga na matope ilinipokea. Kutoka stesheni mpaka kijijini kwetu ni mwendo wa saa 2 kwa miguu. Watu wa baiskeli waliniita, lakini nilitaka kutembea. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mama. Nilitembea njia yote, sikuyapata.

Mama alikuwa amekaa nje, anachagua mchele. Aliinua macho akaniona. Kisha alitazama njia nyuma yangu, kwa muda mrefu. Hapakuwa na mtu. Akaweka ungo chini.

"Umerudi peke yako," alisema.

"Ndiyo, mama."

Hakulia wakati ule. Alilia baadaye, majirani walipofika. Kwanza aliniuliza, "Barua zangu zilifika?"

"Zilifika zote nne, mama. Alizitunza. Hizi hapa." Nikafungua kopo. "Na hizi mbili ni zake. Alikujibu. Zilirudi kwa sababu sanduku letu lilifungwa."

Mama aliingia ndani akaleta miwani. Alichukua daftari langu kwanza, akaweka kidole chini ya jina la mwanawe, akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Akasoma miaka. Kisha akafungua barua ya kwanza. Sisi tulikaa kimya. Alisoma taratibu sana mpaka jua likahama pale alipokaa.

Mwishowe akasema, "Anasema huko mvua imenyesha vizuri. Anasema yu mzima. Anauliza kama ile mbuzi nyeupe imezaa."

Hayo ndiyo yaliyokuwamo. Niliyoyaogopa usiku kucha hayakuwamo.

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma juzi na jana, usiseme ni elimu ndogo. Nayo mtu anasoma tikiti yake, anahesabu fedha zake mpakani, na mama anafungua barua ya mwanawe bila kumwita mtu. Kama una ndugu mbali, mwandikie leo. Andika jina lako na anwani yako wazi wazi. Namba yako ya simu au sanduku lako la posta vikibadilika, usingoje. Mjulishe ndugu yako kabla namba ya zamani haijafungwa.