Saa ya Baba Bado Yatembea

Ndugu msomaji, hapa Majengo, Songea, wapo wanaonicheka: simu yaonyesha saa, basi saa tatu za mkono ni za nini? Nawajibu: simu hunipa saa tu, hizi hunipa na furaha ya kuzitunza.

Zipo saa za Uswisi, kama Rolex, ambazo bei yake yaweza kujenga nyumba. Mimi naipenda Seiko 5, aina iliyotoka Japani mwaka 1963. Haina betri. Ndani mna chuma kizito kizungukacho utikisapo mkono, nacho hukaza kamani. Ukilima, inashiba, ukiiacha mezani siku mbili tatu, inasimama.

Ilikuwa ya marehemu baba. Aliitega kwa saa za Kiswahili: saa moja asubuhi, mshale mfupi uko kwenye 1. Mgeni hudhani imekosea kwa saa 6.

Mwaka huu karo ilipodaiwa, mnunuzi aliitaka hiyo. Nilimwuzia nyingine iliyong'aa zaidi, karo ikalipwa. Sasa ninazo mbili.

Msomaji, ukiwa na saa njema, ivae bila kukunja shati ili ionekane. Kizuri chajiuza. Kisha mfundishe mwanao kuitunza.