Kuandaa Ngoma Kabla ya Mtihani

Miaka ya tisini, sisi tuliosoma muziki Chuo cha Sanaa Bagamoyo tulianza maandalizi ya mtihani wa vitendo kwenye ala zenyewe. Kupiga kulifuata baadaye. Mimi na wenzangu tulipanga vyumba Dunda, karibu na pwani, ambako unyevu wa bahari huingia hadi kitandani. Ngozi ya ngoma huunywa unyevu huo usiku kucha, na asubuhi ukiipiga inalia kama gunia. Mtihani ulipoangukia baada ya masika tuliamka alfajiri, tukakusanya makuti makavu, tukawasha moto na kuzungusha ngoma moja moja, tukisogeza na kurudisha nyuma, mpaka sauti zipatane. Hapakuwa na kipimo zaidi ya masikio yetu, na tulibishana sana.

Ilimba, ala ya Wagogo yenye vijiti vya chuma, ilidai subira zaidi. Vijiti hivyo husukumwa ndani au kuvutwa nje kidogo kidogo hadi kila kimoja kipate sauti yake. Vingine havipigwi kabisa. Vinavyopigwa vikilia, navyo huitikia. Tundu lake huzibwa kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, na huo ndio unaoipa ilimba ule mvumo ambao Mgogo hakubali kuukosa. Tuliubandua kwa ncha ya wembe kwenye kuta za magofu ya Mji Mkongwe, pumzi tumezibana, maana ukichanika hauungiki. Aliyetaka kujua ilimba iliyokamilika inaliaje alikuwa na bahati: Hukwe Zawose, mpigaji mashuhuri wa ilimba aliyefariki mwaka 2003, aliishi papa hapa Bagamoyo.

Mengi yamepita tangu hapo. Ukumbi mkubwa wa maonyesho uliungua mwaka 2002, ukajengwa mwingine. Mwaka 2007 chuo kilichoanzishwa 1981 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Badiliko ninaloliona kwa macho yangu, hata hivyo, liko mikononi mwa vijana wanaokuja barazani kwangu kufanya mazoezi muhula unapokaribia kwisha. Wanakuja na simu. Wimbo wa mtihani umerekodiwa humo, wanaufungua, wanaufuata.

Simu ina heri yake, nakiri. Kijana anajirekodi, anasikiliza, anatambua mwenyewe alipokimbiza mdundo. Sisi tulimngoja mwalimu atuambie. Lakini rekodi haimsubiri aliyejikwaa, wala haipandi na kushuka na hali ya hewa. Nimewaona wakipiga ngoma iliyolegea sambamba na rekodi iliyokaza, sauti mbili zinazogombana, na hakuna aliyenyanyua uso. Sikio limeshazoea kufuata, kuamua halijazoea. Nikiwauliza nani ataiweka ngoma sawa siku ya mtihani, wananijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ala tutazikuta tayari."

Nyinyi mnaotahini muziki, Bagamoyo na kwingineko, nawaomba jambo moja. Mpeni mtahiniwa ngoma iliyolala nje usiku, au ilimba ambayo vijiti vyake vimesogea. Mwacheni aitengeneze mbele yenu kwa masikio yake, na kazi hiyo muipe alama kabla hajapiga wimbo wowote.