Redio Zilizotakwa Kung'aa

Garissa ya miaka ya 1980, mtu akileta redio kwa fundi hakuzungumzia sura yake. Alitaka isikike. Mkoa ulikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari, gazeti lilitufikia limeshachakaa, na Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza 1957, ndiyo iliyotupa habari za mbali na mara nyingi hata za jirani.

Fundi aliyenifunza kazi Soko Mugdi alianzia kwenye kisanduku cha betri. Betri zilizovuja huacha ukoko wa kijani kwenye springi, naye aliukwangua kwa ncha ya kisu hadi chuma kionekane. Bamba la mbele alilifuta kwa Brasso, ile ile ya askari na vifungo vyao, tena kama mteja hana haraka. Brasso ilikula herufi. Namba za masafa zilifutika kidogo kidogo, na wazee wakawa wanatafuta stesheni kwa kukisia.

Siku hizi naletewa redio-kaseti na vijana waliozirithi, na wanachotaka ni mng'ao. Nasi tumejifunza adabu ya kazi hiyo. Kwanza hukagua kama ni chuma kweli, maana mapambo mengi ni plastiki iliyopakwa utando mwembamba wa metali. Ukiyapitishia msasa, umeyamaliza. Hayo ni maji ya sabuni na kitambaa laini, basi. Aluminiamu halisi ina mistari ya kiwandani, yote imelala upande mmoja. Naziba herufi kwa utepe, nafunga msasa laini wenye maji kwenye kibao, kisha nauvuta kufuata mistari, mvuto mrefu mmoja mmoja. Ukisugua kwa kuzungusha, jua la saa nane litakuumbua. Mwisho napuliza vanishi isiyo na rangi, maana bati lililokwanguliwa hufifia upesi kwa jasho na vumbi letu.

Mwaka 2017 ilitoka albamu ya nyimbo za zamani za Kisomali, Sweet as Broken Dates, nikadhani sasa watu watataka kaseti zao zilie tena. Wapi! Juzi kijana kaniambia nisihangaike na ya ndani, redio itakaa kwenye rafu ya mkahawa Eastleigh. Kichwa cha kaseti nimekisafisha kwa spiriti vivyo hivyo, na hiyo sikumtoza.